Mguu wa Kushoto wa Nikolaus

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiisimulia habari hii vibaya. Kila nilipofika kwenye ile mechi nilisema Singa walifungwa. Nimesema hivyo kilabuni, nimesema msibani, mpaka siku moja kwa kinyozi pale Kilosa mzee mmoja mwenye povu nusu shavu akamsimamisha kinyozi, akanigeukia. "Tulishinda," akasema. "Moja bila. Acha kutuharibia." Kisha akarudisha kichwa nyuma akaendelea kunyolewa. Nikaenda kuwauliza wengine, wote wakanicheka. Singa walishinda, na walishinda vizuri. Kosa langu ni kwamba mimi nilikuwa naikumbuka nyumba ya Nikolaus, na katika nyumba ile sikuona mtu aliyeshinda kitu.

Basi nianze upya, safari hii kwa usahihi.

Singa ilikuwa timu ya shamba moja la mkonge nje kidogo ya Kilosa, na mwaka ule wa Operesheni Vijiji, serikali ilipokuwa inahamishia watu kwenye vijiji vipya, ndiyo ilikuwa timu pekee ya huku kwetu kwenye Ligi ya Taifa. Mpira wa nchi yetu ulikuwa wa ridhaa, yaani mchezaji halipwi kwa kucheza. Kwa hiyo kila mchezaji alipewa kazi nyingine. Simoni, golikipa, alikuwa fundi umeme, na sijui kama aliwahi kushika waya. Namba tisa alikuwa dereva, ila magari walimficha. Nikolaus, beki wa kushoto, mtu wa milima ya Vidunda, aliandikwa mkata mkonge. Panga lake lilikuwa jipya mno hata mkewe, Letisia, alikuwa akilitumia kukatia vitunguu. Kila asubuhi nyapara Tomasi alimwekea alama ya kufika kazini, na Nikolaus muda huo anazunguka uwanja mbio na wenzake. Wakata mkonge wa kweli walijua. Siku za kazi walinung'unika, siku za mechi walipiga ngoma.

Mechi yenyewe ilikuwa ya mwisho wa msimu, na timu moja ya Tanga. Singa wakishinda wanabaki kwenye ligi, wasiposhinda wanashuka. Kipindi cha pili Simoni alitoka golini kama mtu aliyeitwa na shangazi yake, akaukosa mpira, mpira ukaanza kubingirika taratibu kuelekea wavuni. Nikolaus alikuja kutoka pembeni, akajirusha miguu mbele, akautoa ukiwa juu ya mstari. Mpira ukaenda nje. Mguu wake ukaenda kwenye mlingoti wa goli. Milingoti ya Kilosa wakati ule ilikuwa ya vyuma vya reli, na mlio uliotoka pale walisikia hata wauza machungwa.

Machela haikuwepo. Walimweka juu ya benchi la wachezaji wa akiba, watu wanne wakambeba kumtoa. Hawajafika mbali Singa wakafunga goli. Wale wanne waliliachia benchi wote kwa pamoja wakakimbilia uwanjani kumkumbatia mfungaji. Nikolaus akabaki kwenye majani pembeni ya mstari, benchi limemwinamia, anaita jina la Letisia, na kelele zote zile ni za kumshangilia mtu mwingine. Muuza machungwa mmoja, Sikuzani, ndiye aliyemwekea ungo wake usoni kumkinga na jua.

Walimkumbuka filimbi ya mwisho ilipolia.

*

Wiki za mwanzo nyumba ile haikukauka wageni. Ilikuwa nyumba ya shamba, chumba na sebule, bati juu, bomba la maji mlangoni pa jirani, na kwa watu wa kambini hiyo ilikuwa nyumba ya maana. Watu walileta sukari kwenye karatasi, walileta mayai. Mmoja alileta tetea mwekundu. Wanaume walikaa wakieleza lile goli lilivyookolewa, wakalieleza tena, kila mmoja akimwonyesha Nikolaus mwenyewe jinsi alivyojirusha, kana kwamba hakuwepo. Yeye alikaa na mguu wake wenye plasta juu ya kigoda, akicheka.

Bwana Urbanus alikuja zaidi ya wote. Huyu alikuwa mwenyekiti wa timu, na alikuwa pia afisa utumishi wa shamba, yule anayeandika na kufuta watu. Naye alikuwa mtu wa Vidunda, amesoma shule ya misheni pamoja na kaka yake Nikolaus marehemu. Alimwambia Nikolaus kwamba shamba zima lina deni la shukrani kwake, na kwamba akipona kuna kazi ya kukaa kwenye mizani ya kupimia mkonge inamngoja, kazi ya kivuli. Letisia alilisikia hilo neno kivuli akalihifadhi.

Mama yake Nikolaus, Bibi Costancia, alikuwa ameteremka kutoka mlimani kuja kumuuguza mwanawe. Mjane wa mwinjilisti, mwembamba, mkali wa adabu, anasali Kividunda asubuhi na kumkaripia mkwewe Kiswahili mchana. Alipokuja alikuwa amefunga nyumba yake kwa kamba ya katani, akidhani anarudi baada ya muda mfupi. Lakini Operesheni ilikuwa haijali nani anauguza. Petro, mtu wa Kidodi aliyekuwa anapita na lori la miwa, alifika na habari kwamba watu wa upande wao wameteremshwa wote kwenye kijiji kipya kule chini, nyumba za mlimani zimetiwa moto, na viwanja vimegawiwa kwa waliokuwepo. Jina la Costancia lilisomwa, hakuitika mtu, kiwanja akapewa mwingine.

Bibi aliuliza kama nyumba yake nayo ilitiwa moto. Petro akasema hakuangalia vizuri. Bibi akamwambia aketi basi, ale.

Toka siku hiyo wote watatu walijua kwamba nyumba waliyokuwa nayo duniani ni ile ya shamba, na hiyo ya shamba ilikuwa imesimama juu ya mguu wa Nikolaus.

*

Plasta ilipofunguliwa mguu ulikuwa umeunga upande. Ukimtazama kwa nyuma ungedhani miguu yake miwili inakwenda safari tofauti. Daktari alisema inabidi aende hospitali kubwa Dar es Salaam wauvunje tena, waufunge upya. Na kwenda huko inatakiwa barua ya mwajiri, kwamba mfanyakazi wake aliumia kazini.

Letisia akaenda ofisini. Alikaa kwenye baraza tangu makarani wanaingia mpaka wanatoka kwenda kula, wakimruka miguu. Walikuwa ni walewale waliokuwa wakija kwake kunywa chai. Alipoitwa ndani Bwana Urbanus alimkaribisha vizuri, akamuulizia mama, akamuulizia mguu. Kisha akamweleza jambo ambalo alionekana kweli linamuumiza.

"Shemeji, kwenye karatasi zetu Nikolaus ni mkata mkonge. Na mkata mkonge hawezi kuvunjika mguu golini."

"Basi aliyevunjika golini ni nani?"

"Ndiyo tabu yenyewe."

Letisia akamuuliza, kwa heshima, kama shamba halikuwa na habari kwamba lina timu. Bwana Urbanus akasema shamba lina habari, Tanzania nzima ina habari, isipokuwa karatasi. Na Ofisa Kazi anakuja kutoka Morogoro kukagua ajali zote, naye anafuata karatasi. Akisaini, Nikolaus anapelekwa kutibiwa, anabaki kwenye nyumba, na akirudi anakaa mizani. Asiposaini, Nikolaus ni mtu aliyeacha kufika kazini. Na mtu aliyeacha kazi hakai nyumba ya shamba.

Alimwacha Letisia alifikirie hilo, akainuka akafunga mlango. Sauti ikashuka. Akasema huyo Ofisa Kazi ni mgeni mkoani, mtu wa bao, mpira haujui, hajui hata kama Singa ni timu, anadhani ni singa tu, zile nyuzi za katani. Sasa kama Nikolaus angekuwa ameanguka kwenye mtaro wa shambani, na tita la majani begani, siku ya kazi. Kama nyapara angekuwa ameona. Kama mwenzake mmoja angekuwepo.

"Si uongo mkubwa," akasema. "Mguu umevunjika kweli, kwa ajili ya shamba kweli. Tunabadilisha mahali tu."

Letisia alikubali kabla hajamaliza.

*

Nikolaus ilimchukua muda. Siyo kwamba alikuwa mtakatifu. Alichokuwa anakiona ni kwamba kuokoa goli lile ndicho kitu kimoja alichowahi kufanya watu wote wakasimama, na sasa anatakiwa kusema hakikutokea. Letisia alimwambia goli halipiki ugali. Nikolaus akatazama ule unga wa njano kwenye chungu, ule wa mahindi ya msaada ambao watu mwaka huo walikuwa wanauita Yanga. Akasema sawa.

Mazoezi yakaanza, na kama si hali yenyewe ningesema yalichekesha. Nyapara Tomasi aliwapeleka wakachague mtaro. Simoni alikuwa shahidi, na Simoni hakuweza kusimulia jambo bila kuliongezea. Safari ya kwanza alisema alimwona Nikolaus anaanguka. Ya pili alisema alijirusha kumdaka. Ya tatu nyoka alikuwa ameshaingia. Tomasi akamwambia, wewe mpira wenyewe ulikushinda kudaka, mtu mzima utamdakia wapi? Nikolaus mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Mtu mmoja tu hakuambiwa, naye ni Bibi Costancia. Walikubaliana hivyo wote. Bibi akiulizwa angesema kweli, na akiambiwa adanganye angeanza maombi palepale ofisini. Hivyo kila Tomasi na Simoni walipofika, mazungumzo yalikuwa ni ya mvua. Bwana Urbanus akija, ni mvua na unga.

Lakini Bibi alikuwa na macho. Alichokiona yeye ni mkubwa wa ofisi, mtoto wa nyumbani, anakuja mara kwa mara, anakaa kwenye kigoda kibovu, anaondoka, na nyumba hii haijamwambia asante. Kwao mlimani shukrani ilikuwa na njia yake. Anakwenda mkubwa wa nyumba, na kuku mzima mkononi, anakwenda kwa aliyetenda wema mahali alipo, na anautaja wema wenyewe, wote, mbele ya mtu asiyeujua, ili kuanzia hapo ujulikane. Shukrani ya uchochoroni hawakuihesabu. Alimuuliza Letisia wanangoja nini. Letisia akasema watakwenda, mama, bado kidogo. Akauliza tena. Bado kidogo. Bibi akamwambia Joha, jirani yao, kwamba mkwewe ana mikono myepesi ya kupokea, na alisema kwa sauti ya kusikika ukuta wa pili.

Siku ya Ofisa Kazi walimpanga Joha akae na Bibi, amtoe kwenda kutazama mjukuu mchanga wa Joha mwenyewe kambi ya chini. Joha alikubali kwa moyo wote. Asubuhi hiyohiyo duka la ushirika likafunguliwa, likasemekana lina sukari na sabuni, na Joha, ambaye alikuwa na watoto saba na hajaona sabuni tangu Idi, alitoka na kikapu akisema anarudi sasa hivi.

Bibi akabaki peke yake. Akaiona gari ya serikali inapita kuelekea ofisini, na ndani mgeni mwenye miwani. Mgeni. Alioga, akavaa kanga yake ya Mothers' Union ya kanisani, akamkamata tetea mwekundu, yule anayetaga.

*

Ndani ya ofisi mambo yalikuwa yamekwenda vizuri kupita walivyotegemea. Tomasi alishasema yake. Simoni alisema yake na nyoka akamwacha nje. Nikolaus alikuwa amekaa, mguu umenyooshwa kwa kadiri unavyonyooka, na Letisia amesimama nyuma yake. Ofisa Kazi, mtu mpole, alishatoa kalamu mfukoni na alikuwa anauliza kuhusu kina cha mtaro, siyo kwa kushuku, bali kwa huruma, kwa sababu alitaka kuandika kwamba mitaro ifunikwe.

Bibi alibisha hodi, akaingia bila kungoja. Wanaume wote wakasimama. Ofisa Kazi akatoa shikamoo kabla ya wengine.

"Marahaba, mwanangu," Bibi akasema. "Vizuri na wewe upo."

Letisia alimwendea haraka akamshika mkono, akamwambia taratibu kwamba wana kazi, mama, twende nje. Bibi akautoa mkono. Bwana Urbanus alikuwa amemwona kuku. Yeye alikuwa mtoto wa mlimani, alijua kuku yule ni wa nini na alijua mtu hamkatizi mzee aliyekuja na kuku. Akabaki amesimama.

"Mimi ndiye mama wa huyu," Bibi akamwambia mgeni. "Nimekuja kumshukuru huyu baba, na wewe uwe shahidi. Mwanangu alivunjika mguu kwenye mpira. Alikuwa anawaokoa wenzake, mpira ulikuwa unaingia. Wengine wangemtupa. Huyu baba hakumtupa. Kila siku yuko kwetu."

Ofisa Kazi aliivua miwani.

"Kwenye mpira, mama?"

"Kwenye mpira. Watu wote walikuwepo, mwanangu. Hawa hapa walikuwepo." Akawaonyesha, Tomasi, Simoni, akitabasamu, kwa sababu alidhani anawapa sifa. "Na baba huyu wanasema ndiye aliyeruka juu kuliko wote goli lilipoingia."

Kisha akapiga goti kidogo, akamnyooshea Bwana Urbanus kuku kwa mikono miwili. Na Bwana Urbanus, angefanya nini, akampokea kwa mikono miwili. Tetea akapiga mbawa juu ya meza, karatasi zikaruka. Hakuna aliyeziokota.

Ofisa Kazi alirudisha kalamu mfukoni. Hakugomba. Alimshukuru Bibi kwa kuja, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamtakia safari njema. Aliporudi akamuuliza Bwana Urbanus kama alikuwa anajua. Swali fupi tu. Bwana Urbanus, kuku bado kwapani, akamtazama Nikolaus, halafu akatazama ukuta, akasema hapana, hata yeye amedanganywa na hawa.

*

Barua ya kuachishwa ilisema udanganyifu. Tomasi na Simoni walipewa onyo, maana nyapara mzuri ni tabu kumpata na golikipa ni tabu zaidi. Nikolaus akapewa mpaka mwisho wa mwezi kuiachia nyumba.

Alijaribu mkutano wa wafanyakazi. Ilikuwa miaka ile ambayo mfanyakazi akisimama na kumsema mkubwa, mkubwa anatetemeka, na Nikolaus alidhani watu waliompigia ngoma watasimama. Alieleza vizuri, akiegemea fimbo. Akajibiwa na mkata mkonge mmoja mzee, mikono yake imechanwachanwa na miiba, mtu asiyekuwa na ubaya. Yule mzee akasema wao wamekata majani ya Nikolaus msimu mzima, mafungu yake na ya wenzake yamekuwa yakigawiwa juu ya migongo yao, na redio inasema kila siku kwamba anayekula jasho la mwenzake anaitwa kupe. Yeye hamtukani mtu, anauliza tu kupe ni nani. Watu walicheka, kicheko cha aibu, lakini walicheka. Bwana Urbanus, aliyekuwa ameketi mbele, hakuinua macho. Nikolaus akarudi kuketi na fimbo yake, na ubaya ni kwamba mzee alikuwa anasema kweli.

Nyumbani hawakumwambia Bibi. Walimwambia shamba limebadilisha utaratibu. Alikaa akifikiri siku nzima, na jioni wakati wa kula akasema yeye ameshajua kosa liko wapi. Kuku mmoja alikuwa kidogo. Kwa wema mkubwa vile, mbele ya mgeni wa serikali, mtu anakwenda na kuku mmoja, tena mwembamba, huyo mkubwa lazima aliona wamemdharau. Yeye ana kitenge kimoja kipya ndani ya sanduku. Kesho atamuuzia Joha, anunue jogoo wawili, arudi ofisini akashukuru upya.

Letisia alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha.

"Mama," Nikolaus akasema, "usimshukuru mtu tena."

Hakupiga kelele. Lakini hajawahi kumwambia mama yake neno la namna hiyo, na Bibi akamtazama, akamtazama Letisia, akautazama ule mguu. Alitazama muda mrefu. Alinawa mikono, akaenda kulala na jua bado liko nje, na kuanzia siku hiyo alikula kidogo sana, akisema unga wa njano unamkaa vibaya.

*

Beki mpya alifika kabla ya mwezi kwisha. Kijana wa Dumila, Stefano, na godoro lake la pamba kichwani. Alikuwa na adabu. Alimpa Bibi shikamoo kwa magoti, akamwambia Nikolaus kwamba alikuwa anamwangalia tangu yuko shule, na kwamba anaweza kulala kwa Simoni mpaka wao watakapokuwa tayari, asionekane anawaharakisha. Nikolaus alimwonyesha mahali bati linapovuja. Alimwonyesha pia namna ya kumkaba winga anayependa kuingia ndani, akimsukuma kwa bega palepale sebuleni, mpaka mguu ukamshinda akaketi juu ya godoro la mwenzake. Stefano akauliza yeye ataandikwa kazi gani. Nikolaus akamwambia mkata mkonge. Panga liko jikoni, akasema, liko katika hali nzuri.

Walitoka siku ya mwisho asubuhi. Hawakuwa na mahali hasa. Petro alikuwa amesema kule kijiji kipya mwenyekiti anaweza kuwapa pa kujishikiza nyuma ya ghala, kama watafika kabla ya mvua, na kama yupo mwanaume wa kulima. Petro hakuwa ameuona mguu siku hizi. Nauli ya treni ya Mikumi ilikuwa imeliwa na dawa. Wakakaa kwenye kizuizi cha shamba, pale magari yanaposimama, na sanduku, na vyungu, na Bibi ameketi juu ya mkeka uliokunjwa, anakohoa. Malori mawili ya katani yalipita, yamejaa mpaka juu.

La tatu lilikuwa la timu. Msimu mpya ulikuwa unaanza, Singa wanakwenda kucheza Mbeya, na njia yao ni hiyohiyo, kijiji cha Ulaya, Mikumi, halafu milimani. Turubai lilikuwa limefungwa juu nusu, wachezaji wameketi kwenye mabenchi huku na huku, na katikati palikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe. Letisia alisimama kabla halijasimama.

Mwaka huo Singa walikuwa wamepata mtaalamu mpya, mzee wa mizizi kutoka mbali, na sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba mchezaji akishapanda lori asimjibu mtu yeyote hadi akanyage uwanja. Salamu asiitike, akiitwa asigeuke. Hata mlinzi wa kizuizi alipouliza wako wangapi alionyeshwa vidole. Bwana Urbanus alikuwa mbele na dereva, dirisha limepandishwa, kofia imeshuka.

Letisia hakujua habari za sharti. Aliwasalimia, wakatazama mbele. Aliwaeleza wanakokwenda, kwamba ni mpaka Mikumi tu, kwamba vyungu wanaweza kuviacha. Alimwita Simoni shemeji. Alimwita mwanangu Stefano, ambaye usiku huo angelala kwenye nyumba yake kama si safari. Wale vijana walikuwa wametoa macho kama waliozama majini. Hakuna ajuaye walikuwa wanaogopa mizizi au walikuwa wamefurahi kwamba mizizi ipo.

Nikolaus aliyajua mambo hayo, maana waganga waliotangulia nao walikuwa na masharti kama hayo. Alicheza misimu minne, alishawahi kukaa kwenye lori hilohilo na mdomo uliofungwa na kuwapita watu. Alikuwa amemwacha mkewe aseme kwa sababu hakutaka kumwambia. Sasa mlinzi alikuwa ameanza kuinua gogo. Nikolaus akaiacha fimbo, akaruka kwa mguu mmoja mpaka nyuma ya lori, akaushika ule ubao wa nyuma kwa mikono yote miwili, uso wake karibu na magoti ya Simoni.

"Simoni," akasema. "Sisi tuacheni. Mchukueni mama peke yake. Mfikisheni Mikumi mumshushe kivulini, tutamfuata kwa miguu. Simoni, mchukueni mama."

Gogo lilikuwa limeshafika juu. Dereva akatia gia, lori likaondoka, na Bibi bado yuko juu ya mkeka.